Mchezo Uliofutwa na Harusi za Dodoma

Saa mbili kasoro asubuhi, pikipiki imeshaiacha lami pale Pandambili na inashika njia ya vumbi kwenda Mlali. Zuleha Amiri amekaa nyuma ya dereva. Begi amelivaa kifuani, kama mama aliyegeuza mbeleko.

“Dada, hilo begi lina mtoto?” dereva anapiga kelele kushindana na upepo.

“Lina kazi ya watu. Punguza mwendo kwenye makorongo.”

“Kazi gani hiyo inayoogopa makorongo?”

Ndani ya begi kuna kompyuta mpakato ya mtumba, waya mmoja wa sauti, daftari, na kilo mbili za sukari za kumpelekea mzee wa Mlali. Mashamba ya pande zote mbili yameshavunwa. Vichwa vya alizeti vimekatwa, yamebaki mabua.

Zuleha ana miaka thelathini na mitano, anaishi Nzuguni na baba yake. Mchana anafanya kazi katika steshenari moja mjini Dodoma, anachapa mabango ya send-off, kadi za michango na programu za misiba. Mshahara wake ni shilingi laki moja na themanini kwa mwezi. Kazi ya pili haimlipi chochote, na hiyo ndiyo inayompeleka Mlali. Anachora katuni za kurudishia uhai mchezo wa televisheni ambao haupo tena.

Mchezo huo uliitwa Kwa Sechelela. Ulirekodiwa mwaka 2001 na kituo kidogo cha televisheni ya waya kilichokuwa mjini, kituo ambacho kilishafungwa na jengo lake sasa linauza vigae. Zilikuwa sehemu kumi na tatu. Sechelela ni mjane mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ya reli, na kila wiki aliingia mpangaji mpya na matatizo yake. Walioishi Dodoma miaka ile watakwambia kwamba Alhamisi jioni ungeweza kutembea mtaa mzima usikutane na mtu.

Leo hakuna kanda hata moja ya mchezo huo. Zote zilifutwa. Na aliyezifuta ni Mzee Amiri, mpiga picha wa kituo, baba yake Zuleha.

Mzee Amiri hafichi. Ana miaka sitini na minane, miguu imevimba, anakaa barazani Nzuguni na kofia yake ya darizi. Ukimuuliza anasema moja kwa moja.

“Kanda zilikuwa chache. Mchezo ukishaonekana, mkuu wa kituo anasema kanda hizo zitumike. Na mimi wikiendi nilikuwa napiga picha za harusi. Nikarekodia harusi juu yake.” Anajikuna goti. “Enzi zile kipindi kikishaonekana kimekwisha. Nani angetaka kuitazama jana?”

Basi, harusi za Dodoma za mwaka 2001 na 2002 zikakaa juu ya Sechelela. Keki ikakatwa juu ya wapangaji wake. Kwaya na taarabu zikaimbwa juu ya maneno yake. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Zuleha, ambaye utotoni kwao hapakuwa na televisheni ya waya, alijua kwa bahati. Mwaka 2019 mteja alileta steshenari kanda ya harusi ya wazazi wake, anataka ihamishiwe kwenye flashi. Zuleha akaiweka kwenye deki, akaiacha iende huku akichapa kadi. Harusi ikaisha. Bwana na bibi harusi wakapanda gari, picha ikakatika, ikaja michirizi, halafu akatokea mwanamke amesimama mlangoni anamwambia mtu, “Chumba cha tatu maji hakuna, lala hivyohivyo.” Sekunde ishirini na mbili. Kanda ikafika mwisho.

“Nilimpigia baba simu nikamwambia, kuna mama ametokea nyuma ya harusi,” anasema Zuleha. “Baba akaniambia, huyo ni Sechelela. Kumpiga picha ni kazi yangu, na kumfuta ni kazi yangu.”

Tangu siku hiyo Zuleha amekuwa mtu wa kugonga milango ya watu kuomba kanda zao za harusi. Si kazi nyepesi. Wengine ndoa zilishavunjika na kanda zilichomwa moto pamoja na barua. Wengine bwana harusi ni marehemu, na mjane hayuko tayari kumwona anacheka. Bi Batuli wa Chang'ombe, mjini hapohapo Dodoma, alimtolea kanda dirishani bila kumkaribisha ndani.

“Chukua. Lakini harusi yangu usiitazame.”

“Bi Batuli, lazima ipite ndiyo nifike mwisho.”

“Basi geuza uso. Yule bwana sasa hivi ana mke wa tatu na meno ya bandia. Sitaki mtu amwone alivyokuwa mzuri.”

Kwa miaka mitano mikia hiyo ya harusi imempa Zuleha dakika kumi na moja tu za picha za kweli. Zilizobaki anachora. Baba yake anamweleza kamera ilisimama wapi, mlango ulikuwa upande gani, nani aliingia kwanza. Rangi hawezi kumwambia. Kitundu cha kuchungulia cha kamera ile kilionyesha nyeusi na nyeupe, kwa hiyo Mzee Amiri aliupiga mchezo mzima bila kujua nani amevaa nini.

“Na nyuso?” Zuleha alimuuliza.

“Nyuso nilikuwa naziangalia kama zina mwanga au hazina. Basi.”

Sekunde moja ya katuni humtaka Zuleha picha kumi na mbili. Sehemu moja humchukua miezi minne, umeme ukiwa mzuri. Angeendelea hivyo polepole, mtu na burudani yake, kama Restuta asingefika steshenari.

Restuta Mazengo ndiye aliyecheza Sechelela. Ana miaka hamsini, anaishi Mkonze, anauza mlenda mkavu na karanga. Aliingia dukani mwezi wa pili mwaka jana, akasubiri wateja wote waishe, ndipo akasogea kaunta.

“Nasikia unamtengeneza Sechelela.”

“Ndiyo mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Sechelela ni mimi. Kujiona sitaki. Nataka sehemu ya kumi na moja.”

Katika sehemu ya kumi na moja Sechelela anagombana na binti yake mdogo, Nyemo, kisha wanapatana. Aliyecheza Nyemo alikuwa mtoto wa Restuta mwenyewe, Hana, wa miaka sita. Hana alifariki wiki saba baada ya kurekodiwa kwa sehemu hiyo. Ulikuwa ugonjwa wa mapafu.

Picha yake ilikuwepo moja, ya shule ya awali. Siku ya mazishi waliibandika kwenye msalaba wa mbao, ndani ya nailoni, ili watu wamjue aliyelala pale. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika na bado inafanyika. Hakuna aliyefikiria kutoa nakala.

“Mvua ya kwanza iliingia kwenye nailoni,” anasema Restuta. “Nilipokwenda, karatasi ilikuwa nyeupe. Mwanzoni uso nilikuwa nao kichwani. Sasa nikiutafuta unakuja wa mtoto wa dada yangu.”

Alichotaka ni kimoja tu. Amwone mwanawe akitembea na kusema, mara moja, kabla na yeye hajaondoka duniani.

Kanda ya Bi Batuli ndiyo iliyokuwa na mkia wa sehemu ya kumi na moja. Sekunde kumi na nne. Mtoto amebeba ndoo ndogo, anavuka ua kuelekea mlangoni, mguu wa kushoto unaingia ndani kidogo. Kamera iko nyuma yake. Anafika mlangoni, anasukuma kwa bega, anaingia. Hageuki.

Mwendo ukapatikana. Ikabaki sauti, na sauti iko Mlali.

Mzee Bartolomayo anamsubiri Zuleha chini ya paa la tembe lake la udongo, redio kaseti imeshawekwa juu ya kigoda na betri mpya zimeshatiwa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mbukwa,” anaongeza salamu ya Kigogo. “Umekuja na vumbi lote la Pandambili?”

“Nimewaachia kidogo.”

Miaka ile Mlali hapakuwa na televisheni. Mdogo wake Bartolomayo, Geofrey, alikuwa mlinzi mjini na alikuwa nayo. Kila Alhamisi alikuwa akiweka redio kaseti mbele ya televisheni na kurekodi sauti, kisha Jumamosi anampa mtu wa basi kanda aifikishe kijijini. Hapo kwa Bartolomayo walikuwa wakikusanyika watu arobaini, hamsini, kusikiliza mchezo ambao hawajawahi kuuona. Kila mtu alijichorea sura zake.

“Sechelela wangu ni mnene, ana pengo hapa mbele,” anasema mzee na kujigusa jino. “Wa kwako usinionyeshe. Nimeishi na wangu muda mrefu.”

Kanda nyingine alishamwazima Zuleha. Ya kumi na moja amekataa isitoke nyumbani, ndiyo maana Zuleha amekuja na waya. Geofrey alifariki mwaka 2009, na katika kanda hiyo, kabla ya mchezo, anazungumza kuliko katika nyingine zote.

“Sauti ya ndugu yangu hailali kwa watu,” anasema Bartolomayo. “Hapa utaichukua, lakini yeye abaki.”

Wanabonyeza. Inakuja mikwaruzo, halafu sauti ya mwanaume aliye karibu sana na redio.

“Kaka Bartolomayo, shikamoo. Huku tupo, ila watoto wana mafua wote. Mbegu nitatuma wiki ijayo, usipande ile ya zamani. Leo Sechelela anagombana na mtoto, sikilizeni vizuri maana wanaongea chini. Nyie watoto, tulieni!”

Mzee anaangalia ardhi. Midomo yake inafuatisha maneno, neno kwa neno.

Kisha mchezo unaanza, na pamoja nao inasikika sebule nzima ya Geofrey. Sahani, mlango, mtu anacheka kabla ya kichekesho kufika. Kazi ya Zuleha kubwa kuliko kuchora ni hiyo, kuitoa sebule ndani ya mchezo. Anasikiliza na kuandika kwenye daftari dakika na sekunde za kila kelele.

Dakika ya kumi na saba Nyemo anasema, “Mama, maji nimeleta.” Baada ya hapo mtoto anakohoa, mara tatu, kikohozi cha ndani.

Zuleha anasimamisha. “Mzee, huyu anayekohoa ni wa kwa Geofrey?”

“Kwa Geofrey watoto walikuwa sita, na umesikia mwenyewe wana mafua. Kikohozi kitakosaje?”

Zuleha anaandika kwenye daftari: kikohozi, toa.

Wanamaliza saa saba mchana. Mzee anampa karanga za kutafuna njiani na kumsindikiza mpaka barabarani, akitembea taratibu, redio kaipakata.

Baada ya Mlali, miezi mitatu Zuleha alichora. Uso wa Hana aliuchora mara saba. Restuta alikuwa akifika steshenari kila wiki mbili, anaangalia karatasi, anatikisa kichwa. “Paji siyo.” “Macho umeyapeleka mbali.” Mara ya tano alisema, “Huyu ni mtoto mzuri, mwanangu, lakini ni wa mtu mwingine.” Mara ya saba hakusema kitu, na Zuleha akachukulia kwamba amekubali.

Novemba mwaka jana, Jumapili mchana baada ya ibada, Zuleha alikwenda Mkonze na kompyuta. Mzee Amiri alisema naye anakwenda. Walipofika, alikaa kwenye tofali nje ya mlango.

“Mwambie mzee aingie, kiti kipo,” alisema Restuta.

“Nimeshakaa mama, hapa kuna upepo.”

“Amiri, ingia. Umri huu bado tunaogopana?”

Aliingia, akakaa karibu na mlango, kofia mkononi.

Kompyuta iliwekwa juu ya stuli. Muziki ukaanza, nyumba ya wageni ikatokea, Sechelela akapita na ufunguo. Restuta alijiona bila kutikisika. Nyemo alipotokea kwa nyuma, anavuka ua na ndoo, mguu wa kushoto ukiingia ndani, Restuta alishika ukingo wa stuli.

“Mwendo wake,” alisema. “Mwendo ni wake.”

Nyemo akageuka. Huo ndio uliokuwa uso wa saba. Restuta aliuangalia kwa heshima, kama unavyomwangalia mgeni. Akaacha stuli.

“Mama, maji nimeleta,” ikasema sauti ya Hana. Mchezo ukaendelea.

“Hapo alikohoa,” alisema Restuta.

Zuleha alisimamisha picha.

“Hapo alikohoa. Mara tatu. Kikohozi kiko wapi?”

“Nilidhani ni watoto wa nyumba iliyorekodi, mama. Walikuwa na mafua. Nimekitoa.”

Kuku aliingia, akatoka.

“Alianza Jumatatu,” alisema Restuta. “Jumatano ndiyo tunarekodi. Nilimpa maji ya moto na asali. Nikamwambia, Hana, jikaze, maneno yako ni machache, tukimaliza tutakwenda hospitali. Tulimaliza saa mbili usiku. Hospitali nikasema kesho. Kesho yake akawa anacheza, nikasema amepona.”

Mzee Amiri alizungumza akiwa ameinamia kofia yake. “Mimi nilikisikia. Nilikuwa na hedifoni, kiliingia masikioni hivi. Nikamwambia mwongozaji, turudie, mtoto anaumwa. Akasema kanda inaisha.”

“Ndiyo. Nakumbuka ulisema.”

“Sikusema mara ya pili.”

“Na mimi mama yake sikusema hata mara moja,” alijibu Restuta.

Akamgeukia Zuleha. “Mwanangu, kirudishe. Hicho ndicho cha kwake. Hivi vingine vyote aliambiwa aseme.”

Zuleha alisema sauti anayo, haikupotea, imo kwenye kompyuta. Lakini ili mtoto akohoe kwenye picha anapaswa kujua alikohoa vipi. Mikono ilikuwa wapi?

Restuta alisimama. Alishika upindo wa gauni lake kwa mikono miwili, akaunyanyua mpaka usoni, akajifunika macho, pua na mdomo, na mabega yake yakaruka mara tatu. Alikaa hivyo, amejifunika, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Nilimfundisha mimi,” alisema aliposhusha. “Nilimwambia usikohoe mbele za watu.”

Gauni lilikuwa rangi gani? Kijani, alisema, lina vidoti, alilishona kwa kipande cha kitenge chake.

Siku tisa baadaye Zuleha alirudi Mkonze peke yake. Safari hii hakuonyesha sehemu nzima, alionyesha nusu dakika. Mtoto anaingia na ndoo, anaitua. “Mama, maji nimeleta.” Anashika upindo wa gauni la kijani, anaunyanyua, anafunika uso wote. Kikohozi kinatoka, cha kwake, kile kilichokaa Mlali zaidi ya miaka ishirini. Mabega yanaruka.

“Huyo,” alisema Restuta. “Huyo ndiye.”

Zuleha aliuliza kama arudie.

“Hapana. Zima. Asante.”

Akaenda nje kuanua mlenda, maana wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Nzuguni.

Zuleha alifuta nyuso zote saba. Katika sehemu ya kumi na moja kama ilivyo sasa, Nyemo anaonekana kwa nyuma, au ameinamia ndoo, au amejifunika gauni. Uso hana.

“Nilikuwa naogopa watu watasema sijui kuchora,” anasema. “Nimeacha kuogopa. Sikumwona. Siwezi kumtungia.”

Mpaka makala haya yanaandikwa, mambo yako hivi.

Bi Batuli amerudishiwa kanda yake pamoja na flashi. Flashi amempa dada yake amtunzie.

Mzee Bartolomayo alifariki mwezi wa nne mwaka huu na amezikwa Mlali. Kanda ziko kwa binti yake, Yudith, ambaye hana redio ya kuzichezea.

Mzee Amiri yuko Nzuguni. Presha imempanda, anakwenda kliniki kila mwezi. Amemwandikia Zuleha orodha ya harusi zote anazozikumbuka, majina mia moja na tisa.

Restuta amehamia Mpwapwa kwa dada yake. Nusu dakika ile anayo kwenye simu. Anasema hajaifungua.

Zuleha bado yuko steshenari. Amemaliza sehemu nane, ana sauti za nne nyingine, na anataka azimalize zote katika miaka miwili, aombe ukumbi wa kata, aweke viti na kuwaita watu wa mjini na wa Mlali wakae pamoja. Ukumbi bado hajaomba.

Sehemu ya kumi na tatu haikupatikana, si picha wala sauti. Restuta ndiye anayekumbuka kidogo kilichokuwemo. Anasema Nyemo hakuwemo, maana Hana alikuwa ameshalazwa. Walikuwa wameandika kwamba amepelekwa kwa bibi yake, kusoma.